Shajara ya mradi: kuishinda hamu ya sukari huku nikipunguza uzito

Naiweka shajara hii kwa yeyote anayetaka kupungua na kuupa mwili nguvu, lakini kila akianza anarudishwa nyuma na hamu ya vitu vitamu. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokamilika: nilichojaribu, kilichogoma na kilichonigharimu.

Tahadhari moja kabla ya yote. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiige mpango huu bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu ukipunguza wanga na dozi ikabaki ile ile, sukari ya damu inaweza kushuka hadi ukazimia. Aliyewahi kuugua tatizo la kujinyima chakula au kula kupita kiasi naye aanze kwa mtaalamu.

6 Januari 2025: Kupima kabla ya kugusa chochote

Kwa wiki nzima sikubadili kitu. Niliandika tu kila kitu kitamu kilichopita mdomoni, kiasi chake, na saa. Vifaa ni daftari, mizani na futi ya kupimia kiuno, basi.

Hesabu ni rahisi. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4, na kila gramu ni kalori 4. Soda nyingi za kola za mililita 330 zina takriban gramu 35, yaani karibu vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote tunayokula, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 50, na ile bora ni gramu 25. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula au kinywaji, pamoja na iliyomo kwenye asali, sirapu na juisi ya matunda. Iliyomo ndani ya tunda zima au maziwa haihesabiwi humo.

Daftari langu lilizidi gramu 100 siku nyingi, na sehemu kubwa ilitoka kwenye vinywaji. Ila kilichonisaidia zaidi ni safu ya saa. Hamu haikuja ovyo. Ilikuwa na vituo viwili: saa kumi alasiri, na saa tatu usiku baada ya chakula. Anayetaka kuiga mradi huu asiiruke wiki hii. Bila saa, utapambana na hamu siku nzima wakati yenyewe inakuja mara mbili tu.

Malengo: chini ya gramu 25 siku nyingi, kiuno kipungue, na niweze kukimbia kilomita 5 bila kusimama.

19 Januari: Kukata vyote kwa mpigo hakukufaa

Mpango wa kwanza ulikuwa mkali: sukari sifuri, hakuna kifungua kinywa, sahani zimepunguzwa kwa theluthi, na mbio kila jioni. Siku za mwanzo mizani ilishuka karibu kilo mbili, na ni rahisi kudhani ni mafuta. Si mafuta. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukila wanga kidogo ghafla, akiba ile inatumika na maji yake yanatoka. Siku ukirudi kula kawaida, kilo hizo zinarudi, na wengi hukatia tamaa hapo hapo wakiamini wameharibu kazi yote.

Halafu yakaja maumivu ya kichwa, hasira za karibu, na usingizi wa kukatika katika. Kufikia saa kumi alasiri sikuweza kufikiria jambo jingine ila kitu kitamu. Usiku mmoja pakiti ya biskuti iliisha nikiwa nimesimama jikoni, na kesho yake hali ikawa ile ile.

Nilipolisoma daftari kwa utulivu niliona matatizo matatu yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni njaa halisi: nilikuwa nakula kidogo na kukimbia zaidi, na mwili ulioishiwa nishati hutamani nishati ya haraka. Hapo kinachoonekana kudaiwa ni sukari, kumbe mwenye shida ni tumbo. La pili ni kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye chai na kahawa. Soda nyingi za kola zina kafeini, na nilipoziacha pamoja na chai ya sukari, niliacha kafeini bila kujua. Kichwa kuuma siku ya pili na ya tatu ni dalili inayojulikana sana ya kuacha kafeini ghafla, lakini watu huiita sumu ya sukari inayotoka mwilini. Niliporudisha chai, kichwa kilipoa. La tatu ni mazoea ya usiku, ambayo nimeyaandikia chini.

Gharama ya hatua hii: karibu wiki mbili, usingizi mwingi, na moyo uliovunjika kidogo.

2 Februari: Shiba kwanza

Hapa mradi uligeuka. Niliacha kabisa kupunguza kalori. Mizani niliiweka kabatini. Kazi ikawa moja tu: nisifike saa kumi alasiri nikiwa na njaa.

Kifungua kinywa kilirudi, na safari hii cha protini: mayai, maharage au mtindi usio na sukari. Yai moja kubwa lina takriban gramu 6 za protini, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15, tena na nyuzinyuzi nyingi. Nilijiwekea gramu 25 hadi 30 asubuhi. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu na hazipandishi sukari ya damu kwa kishindo. Mlo wa mchana nao ukajengwa hivyo hivyo.

Jambo la pili lilikuwa kuitangulia hamu. Daftari lilisema saa kumi, basi saa tisa na nusu nilikula tunda zima na konzi ya karanga, niwe na hamu au nisiwe nayo. Ukisubiri hamu ifike ndipo utafute tunda, tunda litashindwa. Likifika kwanza, hamu inakuta nafasi imeshakaliwa.

Ndani ya wiki moja kile kituo cha alasiri kilikuwa kimelegea kiasi ambacho sikutarajia. Sikujikaza. Nilishiba tu.

Kuna utafiti unaonipa ujasiri wa kuendelea hivi. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula visivyosindikwa. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula kadiri alivyotaka. Kwenye vyakula vilivyosindikwa sana walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukapanda. Tangu nilipousoma, nimeacha kujiuliza kama nina moyo thabiti. Nauliza sahani ina nini.

23 Februari: Vinywaji, na vibadala vilivyonidanganya

Soda zilitoka kwa urahisi, maji yakachukua nafasi. Kwenye chai nilishuka robo kijiko kila baada ya wiki mbili hivi, na sikuumia.

Penye shida ni vibadala. Nilibadilisha sukari ya mezani kwa asali, soda kwa juisi ya matunda. Vilionekana kama afya. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, na glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, hata isiyoongezwa chochote, hukaribia gramu 20 au zaidi. Kukamua tunda kunaacha nyuma sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, na glasi moja inabeba machungwa kadhaa ambayo ungechoka kuyatafuna. Daftari lilipanda tena hadi karibu gramu 70 wakati mimi najiona mtu wa afya. Dawa: asali inahesabiwa kama sukari, juisi imeondoka, tunda linaliwa zima.

Nilijaribu pia vitamu visivyo na kalori, vile vinavyotiwa kwenye kinywaji badala ya sukari. Kwa kalori vinaokoa, hilo ni kweli. Lakini chai ilibaki tamu vile vile, na ulimi haukupata sababu ya kuzoea kingine. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo hauwahusu waliokwisha kuwa na kisukari. Kwa mtu anayekunywa soda kadhaa kwa siku, naona vinaweza kuwa daraja la muda. Mimi nilivigawa.

16 Machi: Saa tatu usiku

Hiki ndicho kituo kigumu, na ndicho kilichochukua muda mrefu kuliko vyote.

Usiku nilikuwa nimeshiba. Chakula cha kutosha, protini ya kutosha, na bado ikifika saa tatu mkono unatafuta kitu kitamu. Nilianza na jaribio dogo ambalo sasa nalitumia kila siku. Najiuliza: ningepewa bakuli la maharage sasa hivi, ningelila? Nikijibu ndiyo, hiyo ni njaa, na dawa yake ni kula. Nikijibu hapana, ninachotaka ni biskuti tu, basi hiyo ni hamu, na chakula hakitaitibu. Tofauti hii iliniokoa kujilazimisha kulala na njaa kwa jina la nidhamu.

Hamu ya aina hii hufundishwa. Katika majaribio yake kwa nyani, mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alionyesha kwamba chembe za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na kutarajia zawadi, mwanzoni huitikia tone la juisi lenyewe, lakini nyani akishajifunza kuwa taa fulani hutangulia juisi, mwitikio unahamia kwenye taa. Kwangu taa ni kiti cha sebuleni, runinga, na sahani zimeshaoshwa. Mwili unaanza kudai kabla hata sijafikiria biskuti.

Basi nikaanza kujaribu. Kukaa kwenye kiti kile kile na kujizuia: kulishindwa, nusu saa nzima macho yapo kwenye runinga na akili ipo jikoni. Kupiga mswaki mapema: kulisaidia kiasi, kwa sababu ladha ya dawa ya meno inaharibu utamu, ila siku ya uchovu haikutosha. Kuweka vitu vitamu kwenye rafu ya juu: bure kabisa, kiti cha kupandia kipo. Kuviondoa nyumbani: kungefaa, lakini siishi peke yangu, na wenzangu hawana sababu ya kuishi kwa mpango wangu. Tulikubaliana vitu vyao vikae kwenye chombo kimoja kisichoonyesha ndani, na wao ndio wakiweke wanapojua. Kutoona kulisaidia kuliko nilivyodhani. Anayeishi na wengine aombe msaada huu mapema, kwa maneno yaliyo wazi, bila kuwahubiria.

Kilichomaliza kazi ni kuivunja taa yenyewe. Baada ya chakula cha usiku siketi. Natoka kutembea kwa kasi dakika 15. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza waliwahi kupima hili kwa wapenda chokoleti, na matembezi ya kasi ya dakika 15 yalipunguza hamu yao ikilinganishwa na waliokaa. Zaidi ya hayo, kutembea baada ya kula hupunguza kupanda kwa sukari ya damu, kwa kuwa misuli inaitumia. Hamu ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, huvunjika lenyewe usipolilisha. Nikirudi huwa limeshapita, au limebaki dogo la kustahimilika. Mvua ikinyesha, natembea ndani au napanda ngazi.

Nikaweka na kanuni nyingine ambayo baadhi ya watu wataipinga: mara mbili kwa wiki nakula kitu kitamu kwa makusudi, mchana baada ya mlo, kwenye sahani, nimekaa. Nilipojaribu kupiga marufuku moja kwa moja, kila kipande kilikuwa kosa, na kosa moja lilifungua mlango wa pakiti nzima. Kilichopangwa hakina mlango huo. Kama unajijua kuwa kipande kimoja huamsha vingine kumi, kanuni hii iache.

13 Aprili: Mazoezi na usingizi

Sasa ndipo nilipoanza kupunguza kalori, kidogo, kati ya 300 na 400 kwa siku, kutoka kwenye wanga wa usiku na mafuta ya kupikia. Protini haikuguswa.

Mazoezi yalikuwa na mtego wake. Baada ya mbio mwili hudai zawadi, na akili hukubali haraka sana. Kutembea kwa kasi nusu saa, kwa mtu wa kilo 70, hutumia takriban kalori 150. Soda moja ya mililita 330 ni takriban kalori 140. Kwa hiyo zawadi inafuta kazi yote. Vinywaji vya wanamichezo navyo vina sukari, na kwa mazoezi ya chini ya saa moja maji yanatosha. Nilihamisha mazoezi yawe kabla ya mlo, ili chakula chenyewe kiwe ndicho kinachofuata. Ratiba: dakika 150 za kutembea na kukimbia kwa wiki, na siku mbili za nguvu, yaani pushapu, kuchuchumaa na kunyanyua vizito. Kiasi hicho ndicho cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Siku za nguvu msizipuuze, kwani mtu akipungua bila kuzifanya hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Usingizi nilikuwa nimeudharau. Nilipolinganisha safu ya saa za kulala na safu ya hamu, usiku mfupi ulifuatwa na siku ya hamu kali, karibu kila mara. Mwaka 2004 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana 12 wenye afya. Walipolala kwa muda wa saa nne tu kwa usiku mbili mfululizo, ikilinganishwa na usiku mbili wa kukaa kitandani kwa muda wa saa kumi, leptini, homoni ya shibe, ilikuwa chini kwa asilimia 18, na ghrelini, homoni ya njaa, ilikuwa juu kwa asilimia 28. Njaa yao iliongezeka, hasa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Baada ya hapo niliacha kahawa mchana, kwa sababu nusu ya kafeini bado ipo mwilini saa tano hivi baadaye, na simu ikawa inalala chumba kingine. Hakuna hatua iliyonipa faida kubwa hivi kwa jasho dogo hivi.

25 Mei: Ulimi umebadilika

Chai sasa haina sukari kabisa. Maziwa matupu yana utamu. Karoti mbichi ina utamu. Nilipoonja keki ya sherehe, nilisikia sukari kwanza, ladha nyingine baadaye.

Paul Wise wa kituo cha utafiti cha Monell huko Philadelphia na wenzake waliandika juu ya hili mwaka 2016. Waliopunguza sukari kwa miezi mitatu walianza kuonja utamu mkali zaidi kwenye pudingi ile ile, lakini mabadiliko hayo hayakuonekana mwezi wa kwanza. Na kuupenda utamu hakukubadilika. Waliporuhusiwa kula watakavyo, sukari ilipanda tena haraka. Hili nalisisitiza kwa anayefuata nyuma yangu: ukifika wiki ya tatu na bado kila kitu kina ladha ya kukosa kitu, hujashindwa. Muda wake haujafika. Na ukishafika, usidhani umepona.

13 Julai: Wiki mbaya, na nilipo sasa

Ilipita wiki ya safari na sherehe. Kifungua kinywa kilirukwa, usingizi ukapungua, vitu vitamu vikawa kila meza. Gramu zilipita 80, na niliporudi nyumbani kituo cha saa tatu usiku kilikuwa kimefufuka kamili.

Zamani ningesubiri Jumatatu. Safari hii nilianza na mlo uliofuata: mayai asubuhi, tunda saa tisa na nusu, matembezi baada ya chakula cha usiku. Kalori sikuzipunguza wiki hiyo, ili njaa isije ikachanganyika na hamu kama ilivyokuwa Januari. Siku chache tu hali ikatulia, kwa haraka kuliko nilivyotulia mara ya kwanza.

Vipimo vya leo: sukari huru chini ya gramu 25 siku nyingi, kilo tano zimepungua, na kiuno kimepungua sentimita saba. Kilomita 5 nakimbia bila kusimama, polepole, lakini bila kusimama.

Kazi iliyobaki ni sukari iliyojificha kwenye vyakula vya chumvi. Kijiko kikubwa cha tomato sosi ya chupa kina takriban gramu 4, na mikate mingi ya dukani huongezwa sukari. Viungo kwenye lebo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, hivyo mtengenezaji akitumia sukari, sirapu ya glukosi na asali kwa pamoja, kila kimoja kinashuka chini kwenye orodha ingawa jumla yao ni kubwa. Nimeanza kusoma mstari wa sukari kwa gramu 100 badala ya orodha ya viungo. Nikishamaliza kabati la jikoni nitaandika nilichokikuta.